Je, spika mpya za kanisa zinahitaji rodaji?

Anayenunua pikipiki mpya Bukavu anajua habari ya rodaji. Kilomita za kwanza haendeshi kwa nguvu zote, hapakii watu watatu na gunia la makaa kupanda mlima, na baada ya muda mfupi anamwaga mafuta ya kwanza ya injini kwa sababu yamebeba chembechembe za chuma. Vyuma vinavyosuguana vinahitaji kuzoeana. Hilo ni kweli.

Neno hilo limehamia pia kwenye vyombo vya muziki. Kanisa likinunua spika mpya, zile ambazo huku kwetu wengi wanaziita bafle, huambiwa wasishangae zikilia kavu au ngumu: zinahitaji rodaji, zipigwe saa 50 au hata saa 100, ndipo zitafunguka. Swali hili tumeulizwa na ndugu wa Mumosho na wa vijiji vya jirani, nao hawaulizi kwa kupenda muziki tu. Spika mbili za kanisa la kijijini ni matoleo ya miezi mingi, pamoja na maharage, mihogo na kuku waliouzwa baada ya ibada. Wauzaji wengi hupokea kitu kibovu ndani ya siku chache tu. Sasa hesabu, mpendwa msomaji: kanisa linalowasha vyombo saa 5 kwa juma, yaani ibada ya Jumapili na zoezi moja la kwaya, litafika saa 100 baada ya majuma 20. Garanti itakuwa imekwisha zamani, na kama spika ilikuwa na kasoro tangu dukani, kasoro hiyo imekuwa mali ya kanisa.

Jibu letu kwa kifupi ni hili. Mabadiliko yapo, lakini ni madogo, hutokea mapema, na hayagusi ile sehemu ya sauti ambamo maneno ya mhubiri husikika. Spika inayokwaruza au kunguruma vibaya siku ya kwanza haihitaji kungojewa. Irudishwe.

Kinacholegea ndani ya spika

Spika ya leo haitofautiani sana kwa msingi wake na ile ambayo Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric huko Marekani, waliieleza mwaka 1925. Kuna sumaku, kuna koili ya waya mwembamba, na kuna koni iliyobandikwa kwenye koili hiyo. Umeme kutoka kwenye ampli unapita katika koili, sumaku inaisukuma na kuivuta, na koni inatikisa hewa. Ili koni isiende kombo, inashikwa mahali pawili. Mbele kuna ukingo laini unaoizunguka: kwenye spika za nyumbani mara nyingi ni mpira au sponji, kwenye spika za ukumbi kwa kawaida ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Nyuma, mahali ambapo mtu haoni bila kufungua sanduku, kuna kitambaa cha mviringo chenye mikunjo, kilicholowekwa katika resini na kukaushwa kwa joto.

Kitambaa hicho cha nyuma ndicho chenye rodaji. Akina mama wataelewa upesi kuliko mafundi: ni kama kitenge kipya kabla hakijafuliwa. Kimesimama, kina wanga. Koni inapoanza kwenda mbele na nyuma, ukakamavu wa kwanza wa resini unavunjika na kitambaa kinalegea kidogo.

Kulegea huko kunapimika, na hatuna sababu ya kumwita mwongo fundi anayekisema. Kila koni ina mtikisiko wake wa asili, ule inaoupenda yenyewe ukiigonga kwa kidole. Tuseme spika ya inchi 15 ilikuwa na hezi 45 ilipotoka kwenye katoni. Baada ya kutikiswa inaweza kushuka hadi 41 au 42. Viwanda vinalijua jambo hili, na baadhi yao huandika kwenye karatasi ya vipimo kwamba spika ilitikiswa kwanza kwa mawimbi mazito ya hezi 20 kabla ya kupimwa. Lakini tazama muda. Sehemu kubwa ya kulegea hutokea katika dakika za kwanza za kutikiswa kwa nguvu, na kinachobaki humalizika katika saa chache za kazi. Zoezi moja refu la kwaya linatosha. Tena, spika ikipumzika siku kadhaa, kitambaa hukaza tena kwa sehemu, kwa hiyo lile wazo la chombo kinachozidi kufunguka mwezi baada ya mwezi halina mahali pa kushika.

Kuna jambo la pili linalopunguza uzito wa habari hii. Spika haifanyi kazi peke yake. Imefungwa katika sanduku, na hewa iliyomo ndani ya sanduku nayo ni springi. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitengeneza spika ya nyumbani ambayo hewa ya sanduku lililofungwa ndiyo iliyobeba karibu kazi yote ya kurudisha koni mahali pake, kuliko kile kitambaa. Kwa sanduku lenye tundu, kama zilivyo spika nyingi za ukumbi, sauti nzito hutegemea hasa ukubwa wa sanduku na urefu wa tundu. Hesabu zake zilipangwa na Neville Thiele huko Australia mwaka 1961 na kuendelezwa na Richard Small katika miaka ya 1970, na wajenzi wa spika dunia nzima wanazitumia hadi leo. Hesabu hizo zinaonyesha kwamba kitambaa kinapolegea, vipimo kadhaa vya spika hubadilika pamoja, na mabadiliko hayo hufidiana kwa sehemu kubwa. Koni ikipimwa peke yake juu ya meza, tofauti inaonekana. Ikirudishwa ndani ya sanduku, kinachobaki kwa kawaida hakifiki desibeli 1, na hicho kiko chini kabisa, kwenye besi. Desibeli 1 ni karibu na kiasi kidogo kabisa ambacho sikio la mtu makini linaweza kukitambua.

Na huko chini kuna nini katika ibada zetu? Waya mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia karibu hezi 85 au 100, na zile herufi zinazotofautisha neno na neno, kama s, t, k na f, ziko juu zaidi, hezi 1,000 hadi 4,000 na kupita. Hizo hupitia kwa sehemu kubwa katika spika ndogo ya juu, ambayo utando wake hutembea sehemu ndogo tu ya milimita na hauna kitambaa cha mikunjo cha kulegeza. Zaidi ya hapo, spika nyingi za inchi 12 zenye ampli ndani yake zimewekewa kichujio cha kukata sauti zilizo chini ya hezi 50 hivi, yaani pale pale ambapo rodaji ingesikika, kama ingesikika. Basi mzee aliyeketi nyuma asiposikia tafsiri ya Mashi siku ya kwanza, hataisikia kwa sababu ya rodaji siku ya mia.

Nyaya na ampli hatutazirefusha: hazina rodaji.

Mbona basi Jumapili ya tatu zinasikika vizuri zaidi?

Waumini wanasema hivyo, na hawasemi uongo. Swali ni kitu gani kimebadilika.

Chukua kanisa la kawaida la huku kwetu: kuta za matofali, sakafu ya sementi, mabati bila dari. Spika zinajaribiwa Ijumaa jioni, ukumbi mtupu, vijana wanne na fundi. Sauti inagonga ukuta na kurudi, maneno yanapandana, kila mtu anakunja uso. Jumapili wanaingia watu mia tatu wenye makoti, vitenge na watoto mgongoni. Miili na nguo hunywa sauti, hasa zile za juu, na mwangwi unapungua. Spika ni ile ile ya Ijumaa. Mvua ikianza kupiga mabati katikati ya mahubiri (na tangu Septemba hadi Mei tunaijua vizuri), hakuna spika ya bei yoyote itakayosifiwa siku hiyo.

Halafu kuna mahali spika ilipowekwa. Ikisogezwa karibu na ukuta, sauti nzito huongezeka, hadi desibeli 6 kwa kila ukuta au sakafu iliyo karibu nayo. Mara nyingi mtu fulani, baada ya ibada ya kwanza, ameiinua juu ya meza au ameitoa kwenye kona ili watoto wasiiguse. Badiliko hilo moja linapita mara nyingi lile la kitambaa, na hakuna anayelikumbuka. Na yule kijana wa mikseri? Jumapili ya kwanza aliogopa vifungo. Ya tatu ameshajua kupunguza besi kwenye mikro ya mhubiri. Yeye ndiye aliyefanya rodaji kuliko wote.

Mwisho, masikio yetu. Kumbukumbu ya sauti ni fupi sana. Hakuna anayeweza kubeba kichwani sauti kamili ya spika kwa majuma matatu na kuilinganisha. Tunachobeba ni maoni yetu. Mwanzoni tulizoea spika za zamani, labda zilizopasuka kidogo, na mpya zikatusumbua kwa ugeni wake. Kisha tunazizoea, kama tunavyozoea kiongozi mpya wa nyimbo. Floyd Toole, mtafiti wa Kanada aliyefanya kazi miaka mingi katika Baraza la Utafiti la Taifa la nchi hiyo na baadaye katika kampuni ya Harman, ameona ni ajabu kwamba rodaji inayosimuliwa na watu huelekea daima kwenye uzuri. Kitu kinacholegea kingeweza pia kuharibu sauti. Hakuna anayesema, "Zilikuwa nzuri, rodaji ikaziharibu."

Badiliko kubwa ni joto

Ajabu ni kwamba kuna badiliko la kweli katika spika, kubwa kuliko rodaji, ambalo hurudia kila Jumapili na halizungumzwi. Shaba ikipata joto, ukinzani wake kwa umeme huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Koili ikipanda digrii 100 juu ya hali yake ya mwanzo, jambo ambalo si gumu katika saa nzima ya sifa kwa sauti ya juu, ukinzani wake umeongezeka karibu asilimia 40, na spika inatoa karibu desibeli 3 pungufu kwa umeme ule ule. Kijana wa mikseri anasikia sauti imechoka. Anapandisha. Koili inapata joto zaidi. Baada ya wimbo wa sita kuna harufu ya gundi iliyoungua, na kesho yake watu wanasema spika ilikufa kwa sababu haikufanyiwa rodaji.

Jenereta inaongeza tatizo. Makanisa mengi ya vijijini bado yanaitegemea, ingawa mto Ruzizi wenye mitambo ya umeme unapita karibu. Jenereta ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500, kwa hiyo jenereta iliyoandikwa kilowati 2 huenda inatoa 1.7 hivi, na hiyo ni ikiwa mpya na safi. Ongeza taa, kinanda, ampli na simu kumi zinazochajiwa nyuma ya mimbari. Volti zikishuka, ampli haiwezi kufikisha kilele cha sauti, inakata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa hutuma nguvu nyingi isiyotakiwa kwenye spika ndogo ya juu. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuziua. Spika iliyoungua namna hiyo siku yake ya pili ingeungua pia siku ya mia mbili.

Kwa hiyo tunapinga kabisa desturi ya kuwasha jenereta usiku kucha ili spika "zifunguke". Petroli hiyo ina kazi nyingine. Anayetaka kuwa na amani azipige kwa sauti ya kadiri wakati wa zoezi la kwaya, saa 2 au 3, kwa muziki wenye besi. Kitambaa kitakuwa kimelegea kadiri ya haja, na kwaya imepata zoezi.

Cha kufanya katika siku za garanti

Muda ule ambao wengine wanautumia kungojea, utumieni kupima.

Kama inawezekana, fungueni katoni mbele ya muuzaji. Pigeni sauti moja inayopanda polepole kutoka nzito hadi nyembamba. Programu za bure za simu hutoa sauti hiyo. Sikilizeni mahali inapokwaruza, kutetemeka au kupotea. Spika nzima hupita bila kunung'unika. Fanyeni hivyo kwa kila moja, mahali pale pale, sauti ile ile. Zikitofautiana waziwazi, moja ina kasoro, na hapo hakuna hoja ya rodaji kwa kuwa zote mbili ni mpya sawasawa. Kwa spika isiyo na ampli ndani yake, na ikiwa koni inaonekana, isukumeni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa pande zote. Ikisikika kama mchanga, koili inasugua sumaku. Hiyo haiponi kwa kupigwa, inazidi.

Zikifika kijijini, baada ya mashimo ya barabara, kazeni skurubu zilizolegea na rudieni jaribio lile lile. Mtetemo unaosikika kijijini ambao dukani haukuwapo mara nyingi ni skurubu au wavu wa mbele. Zikifika wakati wa mvua na katoni imelowa, ziacheni zikauke siku moja mahali pakavu kabla ya kuziwasha.

Ndugu wanaobaki na shaka juu ya rodaji wanaweza kujipimia wenyewe, nasi tungependa wafanye hivyo. Mmenunua mbili? Moja ibaki kwenye katoni, nyingine ipigwe saa 10 kwa siku mbili au tatu, kabla garanti haijaisha. Kisha ziwekwe nyuma ya pazia, kwa zamu, mahali palipotiwa alama ya chaki, kwa kipimo kile kile cha sauti. Kipimo hicho kihakikishwe kwa simu moja iliyowekwa mahali pamoja, maana ongezeko la desibeli 1 peke yake huwafanya watu waseme spika moja ni safi zaidi. Mtu mmoja arushe shilingi kuchagua ipi ipigwe, bila kuwaambia wengine, na waandike kila mmoja kwenye karatasi yake. Mara 15 au 20 zinatosha. Wakipata nusu tu, walikuwa wanabahatisha.

Jambo la mwisho ni risiti. Mafundi na wauzaji wengi ni watu waaminifu wanaorudia walichoambiwa, na wengine ni waumini wetu. Mwombeni muuzaji, kabla ya kulipa, aandike kwa mkono wake: tarehe, namba ya kila spika kama ilivyo nyuma ya sanduku, idadi ya siku za kurudisha, na kwamba siku hizo zinahesabiwa tangu spika zilipowashwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi wawili. Akisema lazima mngojee saa 100 ndipo mlalamike, mwambieni aziandike saa hizo ndani ya garanti. Shemasi wa mali abaki na nakala, na mtunza hazina abaki na nyingine.